Ndege Iliyoondoka Kweli

Mama yangu aliishi Kinole, juu mlimani, kwenye shamba la ukoo wake. Mimi na mke wangu na watoto tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mafiga, Morogoro mjini. Kazi yangu ni ubaharia. Watu wa Morogoro wakisikia hivyo hucheka kidogo, maana kwetu maji mengi tuliyoyazoea ni ya bwawa la Mindu. Nafanya kazi chini kwenye injini za meli za mizigo. Napaka grisi, nasafisha vichujio, naangalia joto la mashine lisipande. Mkataba ukiisha narudi nyumbani, nakaa bila mshahara, nangoja kuitwa.

Huko kuitwa ndiko kulikotuumiza. Baharia hachagui siku yake ya kuondoka. Kuna ofisi ya wakala Dar es Salaam inayopokea maagizo ya wenye meli. Wao ndio wanaokata tiketi ya ndege na kupanga nani akupokee huko uendako. Mshahara huanza siku ndege inapoondoka, si siku unapofunga begi. Nauli ya kutoka nyumbani hadi uwanja wa ndege hurudishwa ukishapanda meli. Usipopanda, ni hasara yako.

Safari ninayoikumbuka ilikuwa ya kwenda Durban kupokea zamu ya mtu. Dada wa ofisi ya wakala, mwenye sauti ya upole, alinipigia akasema, "Kaka, jiandae, ndege yako keshokutwa jioni." Nikampigia mama. Alishuka kesho yake, bodaboda mpaka Mkuyuni halafu basi, na mkungu wa ndizi na mdalasini umefungwa kwenye kanga. Mjomba, mdogo wake mama, alikuja pia, kwa sababu kwetu Waluguru mjomba hawezi kukosekana kwenye jambo la mpwa wake. Mke wangu akapika pilau, tukachoma ubani, mjomba akaomba dua ndefu. Mwisho mama alinishika mikono yote miwili. Hakuwa mtu wa maneno mengi wakati wa kuagana. Alishika tu, kwa nguvu, viganja vyake vikavu kama maganda, mpaka mwenyewe alipoona inatosha.

Nilipanda treni ya umeme hadi Dar. Nilikuwa nimeshafika uwanja wa ndege simu ilipolia. Meli imepelekwa kwanza bandari nyingine, rudi nyumbani usubiri. Nikarudi. Mama alikuwa bado Mafiga; aliponiona mlangoni na begi langu alipiga kigelegele utadhani nimetoka Maka.

"Bahari imekukataa," akasema, akacheka hadi machozi yakamtoka. Siku ile nilifurahi kweli.

Mara ya pili mambo yalikuwa yale yale: ndizi, pilau, ubani, mikono. Nilifika hadi kaunta ya ndege. Kijana wa pale aliangalia karatasi zangu, akaniuliza iko wapi barua ya uhamiaji ya kule ninakokwenda. Nikampigia dada wa wakala. Akasema, "Kaka, nisamehe, ilikuwa ije leo, haijaja." Tiketi ikafutwa. Majirani wa Mafiga walianza kuniita baharia wa Kihonda, kwa sababu stesheni ya treni iko Kihonda na waliona ndiyo mwisho wa safari zangu. Mke wangu alicheka nao hadharani, lakini ndani ya nyumba alikuwa amepunguza sukari ya chai, na nilijua kwa nini.

Mara ya tatu mama alishuka na kikohozi. Nilimwambia angebaki tu tuagane kwa simu, akasema simu haina mikono. Mjomba alipomaliza dua, na begi langu likiwa tayari mlangoni, nikapigiwa kwamba meli imezuiwa kuingia bandarini, iko kwenye foleni. Hatukutoka hata nje. Mjomba aliinuka akatafuta viatu vyake.

"Basi dua hii haijatumika," akasema. "Wakikuita tena, iwe hiyo hiyo."

Tulicheka wote. Mama alicheka akakohoa, akakaa chini. Mke wangu alimpikia uji wenye tangawizi, na asubuhi mama akarudi Kinole kuangalia pilipili manga yake, maana mvua zilikuwa zimekaribia.

Mara ya nne simu ilikuja asubuhi, nikiwa natengeneza bomba uani. "Kaka, ni leo. Ndege saa kumi na moja jioni. Kila kitu kipo, barua nimeishika mkononi." Hakukuwa na muda wa mtu kushuka mlima. Nikampigia mama. Kinole mtandao unasumbua, ila siku ile alipokea mara moja.

"Shikamoo mama. Wameniita tena."

"Marahaba. Leo?"

"Leo jioni."

Akavuta maneno kwa lafudhi yake ya mlimani. "Nenda, mwanangu. Utarudi. Mimi nashuka kesho, nitakukuta hapo hapo Mafiga."

"Na wakinichukua kweli je?"

"Wakikuchukua kweli, utanipigia."

Hata mke wangu hakunisindikiza. Alikuwa anafua, akaifuta mikono kwenye kanga, akaniambia niwahi treni. Watoto walikuwa shuleni. Nilitoka kama mtu anayekwenda sokoni.

Kaunta wakaniuliza barua, nikaitoa; nilikuwa nimeipitia ofisini kwa wakala. Uhamiaji wakagonga muhuri. Nilikaa kwenye kiti cha dirishani nikingoja simu ilie, kwa kuwa nilikuwa nimezoea. Haikulia. Mhudumu alinigusa bega akaniomba niizime. Magurudumu yalipoachana na ardhi nilikuwa bado nimeishika ile simu iliyozimwa.

Durban nilipokewa na dereva, tukaenda moja kwa moja bandarini. Mtu niliyekwenda kumpokea zamu alikuwa Mfilipino wa makamo. Alikuwa amesimama juu ya ngazi ya meli na begi lake miguuni, na aliponiona alinikumbatia kama ndugu aliyepotea. Kumbe kila tiketi yangu ilipofutwa, ya kwake ya kurudi nyumbani ilifutwa pia. Nilikuwa sijawahi kumfikiria mtu huyo hata siku moja. Alinionyesha injini kwa haraka, huku macho yake yakirudi kwenye gari lililokuwa linamsubiri.

Kabla hatujang'oa nanga nilimpigia mke wangu. Mama alikuwa pale. Alikuwa ameshuka kesho yake kama alivyosema, na ndizi zake. Nikapewa nizungumze naye.

"Kumbe safari hii wamekuchukua," akasema.

"Wamenichukua, mama."

Nilisikia watoto wangu wakigombana nyuma yake.

"Haya," akasema. "Sikukushika mkono."

"Utanishika nikirudi."

"Inshallah."

Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama alilala siku mbili zaidi, akala kidogo, akakunja nguo zangu zilizokuwa kwenye kamba, kisha akapanda kwake.

Tulikuwa katikati ya bahari, tumeiacha Afrika mbali nyuma, nahodha aliponiita ofisini kwake. Alikuwa amepokea ujumbe kutoka kwa wakala. Alinikalisha kwanza. Kikohozi kile kilikuwa kimeshuka mapafuni. Walimteremsha mama hospitali ya mjini, na alfajiri ya jana akafariki. Nahodha alisema ameshaiandikia kampuni. Wako tayari kunikatia tiketi ya kunirudisha nyumbani kutoka bandari ijayo, bila kunidai chochote. Bandari ijayo ilikuwa bado mbali.

Usiku ule mtandao wa meli ulikubali, nikampata mjomba.

"Tumemzika jana alasiri," akasema. "Watu walikuwa wengi."

"Niache kazi nije, mjomba?"

"Uje kuona nini, mwanangu? Sisi tupo. Khitma tutaisoma. Wewe maliza kilichokupeleka, kisha uje kama mtu."

Nilibaki. Sijui hadi leo kama ilikuwa sawa. Nilirudi kwenye zamu yangu. Chumba cha injini kina kelele kubwa sana, lazima uzibe masikio, na mtu anaweza kulia kwa sauti yake yote karibu na wenzake wasijue. Nililia hivyo kwa zamu nyingi. Mwenzangu mmoja aliniona usoni, akanipokonya kopo la grisi, akaifanya kazi yangu mpaka zamu ikaisha.

Mkataba ulipoisha, tiketi ilikuja siku ile ile iliyosemwa. Hakuna kilichoahirishwa. Dada wa wakala alinipigia nilipotua Dar, sauti yake ile ile ya upole, akaniuliza kama nimefika salama.

Nilipanda Kinole na mke wangu. Mjomba alitupeleka makaburini, tukasimama, tukaomba, tukateremka. Shambani pilipili manga ilikuwa imeiva na dada yangu, aliyeachiwa shamba, alikuwa amechoka kuvuna peke yake, kwa hiyo nilivua shati nikaingia kumsaidia. Watu waliopita njiani walisimama kunisalimu. Wengine walisema, "Pole na safari." Wengine walisema, "Pole na msiba." Mama mmoja mzee, jirani wa mama yangu tangu ujana wao, aliweka chini mzigo wake wa kuni, akanitazama muda mrefu, akasema neno moja tu, pole, bila kusema ya nini.

"Nimeshapoa, bibi," nikamjibu, kama inavyotakiwa kujibu.