Mvua ya Gathogo Ilizidi Yangu kwa Mbili

Hakuna mtu Dundori nzima anayeijua mvua kunishinda.

Jana nilitoka na mwavuli, jua likanichoma kwenda na kurudi. Lakini tuachane na hayo.

Ninayowaambia yalitokea Januari. Mvua ilinyesha shamba la jirani yangu Gathogo peke yake, na kuku wake wakaendelea kuoga vumbi.

Mwanzo wake ni daktari mmoja anaitwa Unnati. Si wa sindano. Ni wa chuo kikuu, binti wa wenye duka la mabati huko Nakuru mjini. Alisomea hesabu, akaruka kwa kompyuta, akaruka tena kwa kilimo. Kazi yake ni kukusanya namba nyingi na kuzikamua mpaka ziseme kitu. Yeye huziita data.

Miaka miwili iliyopita alitugawia mikebe ya kupimia mvua, ya plastiki, ina mistari ubavuni. Kila asubuhi unaangalia maji yamefika mstari gani, unatuma namba kwa grupu ya WhatsApp.

Mimi nilikuwa wa kwanza kutuma kila siku. Gathogo wa pili.

Nikituma nane, yeye kumi. Nikituma ishirini, yeye ishirini na mbili.

Huyo mzee ndivyo alivyo. Nikivuna magunia kumi ya viazi, yeye kumi na mawili. Nikilala na homa siku tatu, yeye tano.

Sasa Unnati, maskini, akaiona hiyo mbili akafikiri ni sayansi. Akaandika kwamba miti ya Gathogo inavuta mvua. Akaalikwa mikutano, akapandishwa ndege. Faili yake ya kuombea uprofesa ikawa imesimama juu ya hiyo miti.

Miti yenyewe ni minne. Mmoja umekauka.

Jumatano moja akaja kwangu macho mekundu. Wakubwa wa chuo walikuwa waje Ijumaa kuona mashamba kabla ya kuamua kama anafaa kuwa profesa. Na akipanga makaratasi ya kuwaonyesha, akagundua kitu.

Mwaka jana Gathogo alienda Kihoto, kule Naivasha, kumsaidia binti yake kuhamisha vitu ziwa lilipoingia nyumbani. Alituma hata picha kwa grupu, amebeba godoro kichwani, maji magotini. Na wiki hiyo yote, bibi yake akiwa naye huko na nyumba imefungwa, mkebe wake wa Dundori uliendelea kusomwa. Mbili juu yangu.

"Cucu, nikinyamaza napita," aliniambia, akiniita nyanya kwa Kikuyu. "Nikisema, pengine kazi yote ya miaka kumi inaenda."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitawaonyesha mwenyewe, kabla hawajaonyeshwa na mtu mwingine. Lakini nahitaji mwongo mmoja."

Nikamwambia amefika.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, tone halijaanguka tangu Krismasi, nikatuma: kumi na tano.

Dakika haikuisha. Gathogo, kutoka kitandani: kumi na saba.

Saa nne wageni wakafika kwake, wakiongozwa na Profesa Omolo, jamaa mrefu wa maneno machache. Viatu vyao vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Mimi nilikuwa nimeshafika, nimetafuta kiti kizuri.

Omolo akamwonyesha Gathogo simu. "Mzee, hii kumi na saba ni ya leo?"

"Ya leo. Nimeisoma na haya macho yangu."

"Na maji yako wapi?"

Gathogo akaangalia chini. Akaangalia juu.

"Yameingia," akasema. "Huu udongo wangu una kiu sana."

"Na hizi shuka kwa kamba, mbona ni kavu?"

"Zimeanikwa saa hii tu."

"Ziko hapo tangu jana," Joan, bibi yake, akajibu kutoka jikoni.

Wageni wakacheka. Unnati hakucheka. Alisimama mbele yao, akasema ule utafiti wa miti anauondoa. Halafu akafungua kompyuta. Kwa siku mbili alikuwa amepekua namba za mashamba arobaini, akatengeneza njia ya kujua namba gani imetoka kwa mkebe na gani imetoka kwa wivu. Hesabu, mawingu na tabia za majirani, vyote kwa sufuria moja.

Omolo akasoma, akasoma, mpaka nikadhani amesinzia.

"Daktari," akasema mwishowe, "mvua yako imekauka. Lakini hii nyingine sijaona mtu akiipima."

Mwezi wa tatu akapewa uprofesa.

Fundisho, maana najua mnalingoja: ukitaka kumshinda jirani kwa mvua, angalia nje kwanza.

Ningeachia hapo. Lakini siku hiyo, kabla wageni hawajaondoka, Gathogo alininyoshea kidole. "Na huyu je? Mwambieni awaonyeshe mkebe wake."

Nikasema uko jikoni. Nimeuingiza jana tu, usije ukaibiwa.

Wakavuka ua wote, na Gathogo mbele. Omolo akaingia jikoni mwangu akatoka na mkebe, umejaa miiko na vijiko. Akavitoa kimoja kimoja. Akapitisha kidole ndani, kikatoka cheusi kwa masizi.

"Jana tu, mama?"

"Jana asubuhi," nikasema.

Unnati alifungua kompyuta tena, na chini ya jina la Gathogo akaanza kuandika langu.