Jibu Lililongoja Gurudumu

Fundi mizani wa mtaa ule aliitwa Gramu, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimpelekea mizani ya duka iliyoanza kudanganya, aliifungua, akaisafisha, akakaza springi, kisha akapanga mawe yake ya shaba juu ya sahani huku amebana pumzi, asije akausukuma mshale kwa bahati mbaya. Ukimwambia, "Fundi, imetosha, huo upungufu nani atauona?" alikutazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi. "Mimi nimeuona," alisema, akaanza upya. Wenye maduka walimlaani na kumpenda kwa mdomo uleule. Hata maneno aliyapima. Ukimuuliza habari za asubuhi, na asubuhi hiyo goti linamuuma, hakusema "nzuri" kama watu wengine. Alisema, "Nzuri, isipokuwa goti."

Mtu wa namna hiyo akipenda, ni kazi.

Alimpenda Mama Pindo, mshonaji wa nguo ambaye mlango wake ulitazamana na wake katika ujia wa mafundi. Jina walimpa wateja, kwa kuwa pindo alilolishona yeye halikufumuka hadi nguo yenyewe ichoke na dunia. Yeye mjane, Gramu mgane, na kwa muda mrefu mapenzi yao yalikuwa ya kuazimana: leo mkasi, kesho bisibisi, keshokutwa kikombe cha chai kinachopoa mezani kwa sababu aliyekileta haondoki. Gramu aliamini ni siri. Wahenga walishasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na ujia mzima ulikuwa ukimsikia anavyokohoa.

Siku alipojikaza kusema, alisema kifundi. Alikuwa akimrudishia Mama Pindo mizani yake ndogo ya jikoni.

"Hii imepona," akasema. "Mimi bado. Nataka tuoane."

Mama Pindo hakuruka wala kujifanya ameshtuka. Aliiweka mizani chini, akakaa.

"Mara ya kwanza niliulizwa nikiwa jikoni," alisema, "mikono imejaa unga, na mama akanijibia. Sijuti, marehemu alikuwa mtu mwema. Lakini safari hii nataka nijibu mwenyewe, nimekaa, mikono mitupu, naona mbali."

Akamweleza. Pale mwisho wa mji palikuwa na bustani ya bembea, yenye gurudumu kubwa linaloonekana hadi sokoni. Alikuwa amewapeleka huko wanawe, kisha watoto wa dada yake, kisha watoto wa majirani, na kila safari yeye alibaki chini ameshika mikoba, viatu na peremende zilizolambwa nusu. Gurudumu alilijua kwa kulitazama tu.

"Nipeleke Jumapili," alisema. "Tukifika juu kabisa, nitakujibu."

Gramu akasema sawa. Ukweli ni kwamba hata akipanda kiti kubadilisha taa, magoti yake hugongana. Hilo hakulisema, naye hakuwa mtu wa kubakiza neno.

Jumapili hiyo haikuwahi kufika. Jumamosi ilitangazwa kwamba korona imeingia, na kila penye mkusanyiko wa watu pakafungwa: shule, kumbi, ujia wa mafundi, na bustani pamoja na gurudumu lake. Gramu akajikuta nyumbani na swali lake mkononi.

Maduka ya vyakula hayakufungwa, kwa hiyo mizani ziliendelea kuharibika naye akaendelea kuzitengeneza kwenye meza ya kulia. Aliishi na binti yake mkubwa, mwalimu wa chekechea, ambaye shule ilipofungwa alikosa watoto wa kufundisha akamgeukia baba.

"Baba, tumenawa mikono?"

"Tumenawa."

"Na vidole gumba?"

"Navyo."

"Hebu tuonyeshe."

Gramu alionyesha. Angefanya nini?

Jioni alimpigia simu Mama Pindo. Walizungumza habari za ugonjwa, za bei ya vitunguu, za nani amepona. Kisha Gramu alikohoa kidogo na kusema, "Lile jambo."

"Lipi?"

"Lile."

"Lile nilisema nitalijibia wapi?"

"Juu ya gurudumu."

"Na gurudumu likoje?"

"Limefungwa."

"Basi kula, ulale."

Mama Pindo siku hizo alishonea barakoa nusu ya mji, na kila wiki alimpa binti wa Gramu barakoa moja ya baba yake, iliyofungwa vizuri kwenye karatasi. Gramu aliichukua hadi dirishani, akavaa lenzi yake ya kazi jichoni, akaukagua mshono mwanzo hadi mwisho akitafuta dalili. Alikuta mshono tu, umenyooka.

"Baba," binti alimwambia, "hiyo ni barakoa, si barua."

Ugonjwa ulimtisha, nani ambaye haukumtisha? Lakini palikuwa na hofu nyingine aliyolala nayo. Mtu ukimpa muda wa kufikiri, hufikiri. Mama Pindo yuko peke yake na cherehani yake, anapika anachotaka, anazima redio akichoka, hakuna wa kumwambia kwamba saa yake ya ukutani inachelewa. Akija kugundua kwamba upweke huo haujambo? Gramu alilipima wazo hilo kila usiku, na kila usiku lilikuwa zito kuliko jana.

Hatimaye ikatangazwa kwamba bustani inafunguliwa, kwa masharti. Binti alimpigia baba yake shati pasi mara mbili, akamtia chupa ya kutakasia mikono mfukoni, akamsimamisha mlangoni na kumkagua hadi viatu. "Salamu zangu kwa huyo rafiki usiyenitajia," alisema. Gramu aliinama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Langoni palijaa watu waliosimama mbalimbali, nusu ya nyuso zao zimefunikwa. Gramu alimtambua Mama Pindo kwa mwendo tu, tangu alipoteremka garini upande wa pili wa barabara. Alikuwa amepungua kidogo. Alikuwa na mkoba wake uleule mkubwa wa kahawia. Gramu alitaka kumshika mkono, akakumbuka masharti, akamnyooshea kiwiko.

"Kiwiko?" alisema Mama Pindo. "Fundi, ndiko tulikofika?" Lakini alikigusa kwa kiwiko chake, na wote wawili wakacheka ndani ya vitambaa.

Mlinzi alimwelekezea Gramu kipimajoto kwenye paji la uso. "Sawa mzee, pita."

"Kimesema ngapi?"

"Kimesema sawa."

"Sawa si namba, kijana. Na hiki chenyewe kilikaguliwa lini?"

Mama Pindo alimvuta kwa mkono wa shati wakapita.

Ndani kulikuwa na vituko vyake. Ubao mkubwa uliandikwa: TAFADHALI MSIPIGE MAYOWE KWENYE BEMBEA. Treni ya mteremko ilishuka na abiria kimya kabisa, macho yamewatoka, barakoa zimevimba kwa mayowe yaliyomezwa. Baba mmoja aliyekuwa ameketi mbele alijishikilia mdomo kwa mikono yote miwili. Mama Pindo alicheka hadi akaegemea uzio. "Wanangu wangepasuka," alisema.

Gurudumu lilikuwa mwisho wa njia, jekundu, limepakwa rangi upya, vibanda vyake vikining'inia kwa vyuma. Gramu aliliangalia mara moja, akaamua kuangalia viatu vyake. Msimamizi alikuwa dada mwenye mtungi wa dawa mgongoni. Kila kibanda kikishuka alikipulizia na kukifuta kabla ya kuwapakia wengine. Sharti lake lilikuwa moja: watu wa nyumba moja wanapanda pamoja, wa nyumba tofauti wanapanda mbalimbali, na kibanda kitupu katikati yao. Mbele yao vijana watatu ambao hata vivuli vyao havikufanana walisema "nyumba moja" bila kupepesa macho, wakapandishwa.

"Shikamooni wazee wangu," alisema yule dada. "Nyinyi nyumba ngapi?"

Mama Pindo alimwangalia Gramu.

"Marahaba," alisema Gramu. "Nyumba mbili."

Neno hilo lingeweza kuwekwa juu ya sahani na kupimwa.

"Fundi," alisema Mama Pindo taratibu, "ungeng'oka jino ukisema moja?"

"Lakini ni mbili."

"Ni mbili," alikubali. Akapanda peke yake, mkoba mapajani, na ndoana ya mlango ikafungwa. Kibanda kitupu kikapita. Kisha Gramu, ambaye sasa alikuwa tayari kujing'oa meno yote kwa mkono wake, akapandishwa kwenye kinachofuata.

Tuseme ukweli, aliteseka. Kibanda kilipoacha ardhi alishika bomba la katikati kwa mikono miwili, akahisi anainuliwa kama gunia kwenye ndoana ya mizani, na anayesoma mshale hajulikani. Alifumba macho, akaanza kuyataja mawe yake ya shaba kwa sauti ndogo, toka kubwa hadi dogo, na alipofika dogo akaanza tena. Upepo uliyumbisha kibanda. Alimlaumu aliyebuni gurudumu, kisha akajilaumu mwenyewe, kwani yule mtu hakumwambia aseme mbili.

Karibu na kilele alifumbua jicho moja. Kupitia kibanda kitupu alimwona Mama Pindo. Alikuwa ameshusha barakoa, kwa kuwa yuko peke yake, na ameuweka mkoba kando kwenye kiti. Mikono yake ilikuwa wazi juu ya ukingo wa dirisha, naye anatazama mbali, mapaa ya mabati, barabara, vilima vya nyuma ya mji. Tangu siku ile ya mizani Gramu hakuwa ameuona uso wake mzima. Alisahau kuogopa. Kisha kibanda kikayumba, akakumbuka, akafumba tena na kurudi kwenye mawe yake.

Alipofumbua, Mama Pindo alikuwa amegeuka nyuma, anamtazama yeye. Mabega yake yalitikisika. Halafu akatikisa kichwa, pole pole, kushoto na kulia.

Gramu alikisoma kichwa kile kama anavyosoma mshale: hapana. Iliuma. Iliuma kiasi kwamba njia nzima ya kushuka hakuiona, na hata bomba aliliachia.

Kibanda kikafika chini, akashuka. Mama Pindo alikuwa akimngoja kando ya uzio.

"Jibu nimeliona," Gramu alisema. "Nakushukuru kwa kuja."

"Jibu gani?"

"Ulitikisa kichwa."

"Nilitikisa kichwa kwa kumwona mtu mzima amekumbatia bomba kama mtoto siku ya chanjo! Fundi, unaogopa juu?"

"Kidogo."

"Kidogo?"

Gramu akalipima lile neno. "Sana."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

Macho ya Mama Pindo juu ya barakoa yalibadilika, yakang'aa maji. "Na ukangoja miezi yote hii uje kulipanda."

"Ulisema jibu liko huko."

"Mtu asiyeweza kumficha mwenye gurudumu nyumba zake ngapi," alisema, "kumbe mimi ananificha!"

"Hukuniuliza."

Alicheka, akajifuta macho kwa upande wa kiganja. "Twende tena."

"Tena?" Gramu alisema, akaliangalia gurudumu.

Lakini Mama Pindo alikuwa amekigeukia kioski cha aiskrimu, ambapo mwanamke mwenye kofia pana alikuwa akisoma orodha ya bei kwa muda mrefu kupita kiasi. "Na wewe toka huko," alimwita. "Pindo la barakoa hiyo nimelishona mimi, nalijua hata gizani."

Binti yake Gramu alitoka nyuma ya kioski, kofia mkononi, mwalimu mzima amekamatwa kama mwanafunzi. "Shikamoo, mama. Nilikuwa napita tu."

"Marahaba, mwanangu. Nishikie mkoba."

Binti aliupokea kwa mikono miwili. Mama Pindo alivitazama viganja vyake vilivyobaki vitupu, akavikunja na kuvikunjua, kisha akaingia kwenye foleni. Gramu alimfuata kwa miguu ambayo haikuwa imekubaliana naye.

Yule dada alikuwa anapulizia kiti dawa. "Nyumba ngapi?"

"Moja," alisema Mama Pindo.

Dada alimgeukia Gramu. "Mzee, sasa hivi tu ulisema mbili."

"Nilisema."

"Sasa nishike lipi?"

Foleni ikaanza kuguna. Gramu aliinamia sikio la Mama Pindo. "Ulisema utajibu juu," alinong'ona.

"Juu nitakuwa na kazi ya kukushika," alisema Mama Pindo. "Mjibu dada, watu wanangoja."

Gramu alivuta pumzi akaibana, kama afanyavyo mshale unapokaribia kutulia. Nyuma ya uzio binti yake alikuwa ameukumbatia mkoba wa kahawia kifuani, anatikisa kichwa juu na chini kwa nguvu, kama anavyowafanyia watoto wake wa darasani wanapokaribia kulipata jibu.

"Moja," akasema Gramu. "Kasoro ipo, ila nitairekebisha wiki hii."