Muratina Nilizoosha kwa Sabuni

Swali la kwanza nililomuuliza binti yangu lilimchekesha: "Lazima nioshe vyote?" Alikuwa ameniletea hapa Ruiru boksi la kutengenezea waini nyumbani, zawadi ya kustaafu, maana aliona baada ya miaka yangu yote ya kiwandani Thika nitachoka kukaa bure. Ndani mlikuwa na ndoo, mfuko wa maji ya zabibu, pakiti ya hamira na kibomba cha kutolea hewa. Nilikuwa na maswali chungu nzima. Itachukua siku ngapi? Nitajuaje kama imeanza kuchemka? Naweza kufunua nichungulie? Lakini hilo la kuosha ndilo lililonikaa kooni.

"Ai, Mum! Si imeandikwa hapo namba moja? Usipoosha itaharibika."

Basi nikasimama kwenye sinki na sabuni mkononi, na mawazo yakanirudisha Kiganjo, nina miaka tisa.

Wewe unayeijua Kiganjo ya leo, nyumba za kupanga zimebanana na boda boda kila kona, huenda usiniamini nikikwambia kwamba kwetu kulikuwa na mahindi tu, na mwisho wa shamba nyumba ya babu yangu, Guka, iliyonukia moshi na asali. Juu ya meko zilining'inia muratina zake, matunda ya porini yaliyopasuliwa na kukaushwa, meusi, yenye nyuzi kama dodoki kuukuu. Ukizitia kwenye maji na asali, ndizo zinazoiamsha pombe, kwa chachu iliyojificha kwenye nyuzi. Guka alizirithi kwa baba yake. Kila akimaliza kutengeneza alizianika juani, kisha akazirudisha mahali pake.

Mwaka huo baba yangu mdogo alikuwa anaenda kuomba mke, na pombe ya kupeleka ukweni ilikuwa kazi ya Guka. Asali ililetwa kwa debe kutoka Ngoliba, nasi watoto tukalamba vidole mpaka matumbo yakauma. Cucu, nyanya yangu, alinipa rundo la vyombo. "Osha kila kitu," akaniambia, "watu wasituone wachafu." Mwalimu naye alikuwa ametuimbisha darasani kwamba uchafu huleta magonjwa. Sasa, pale juani zilikuwa zimeanikwa muratina. Nilizitazama nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Nikachukua kipande cha sabuni, nikazisugua moja moja mpaka maji yakatoka meupe, nikazianika tena. Nilijiona mtoto mzuri ajabu.

Guka alizitia kwenye kibuyu kikubwa akakiweka karibu na moto. Kesho yake akatega sikio asikie kama imeanza kuchemka. Kimya. Akaongeza kuni, akakifunika kwa koti lake. Kimya. Siku ya tatu alikifunua, na harufu ya sabuni ikanipiga usoni. Yeye hakuisikia, pua yake ilishakufa kwa ugoro. Cucu aliisikia. Alinitazama, kisha akaondoka kwenda kukoroga uji.

"Ni mikono yangu," Guka akasema polepole. "Imezeeka. Pombe imeikataa."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa, halafu nikaufunga, kwa woga tu. Siku ya kwenda ukweni pombe ilitoka kwa jirani, na Guka, aliyezoea kutangulia, alitembea nyuma ya watu wote. Hakutengeneza tena. Alipofariki muratina zilikuwa bado juu ya meko, safi, hazina faida kwa mtu.

Shamba liligawanywa, likauzwa. Nilipopita juzi niliona pale palipokuwa na meko pana saluni. Muratina sijui zilitupwa wapi, wala sikuwahi kumuuliza Guka asali ilikuwa kiasi gani, maji kiasi gani. Ningeanzaje kumuuliza, na lile jambo liko kati yetu?

Niliosha ndoo, nikafuata karatasi mstari kwa mstari. Siku ya pili, nikipika chai, kibomba kikaanza kutoa mapovu: blup, kinanyamaza, blup. Binti yangu akapiga makofi.

"Mum, kumbe uko na mikono mizuri!"

Nililia pale pale, kijiko mkononi, naye akadhani ni furaha. Nikainama karibu na kifuniko, jinsi Guka alivyokuwa akiinamia kibuyu.

"Ilikuwa sabuni, Guka," nikasema. "Mikono yako haikuwa na neno."

Miaka hamsini nimeyabeba maneno hayo, na ndoo ya plastiki ndiyo iliyoyasikia.