Tundu la Jeti Ndogo

Mwanangu, kabla hujaanza kazi hapa, keti kwenye hilo gurudumu kuukuu nikueleze habari ya siku moja ambayo mikono yangu haijaisahau. Usinicheke kwa kukuita mwanangu nami sina mvi. Hapa gereji vijana wananiita Mzee kwa utani, nami naitika tu, maana sehemu moja ya uzee niliipata mapema.

Nilikuwa na miaka ishirini, shule nimeiachia darasa la nane, ndoto zimenijaa kichwani. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba siku moja nitaunda pikipiki ya kupita juu ya maji, kutoka hapa Kisumu hadi Homa Bay. Walinicheka, nami nikacheka nao.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Okumu, fundi mpole wa maneno machache, aliyekuwa mvuvi kule Usenge kabla ya kushika spana. Uvuvini alitoka na kitu kimoja: kipande cha uzi mwembamba wa nailoni, alichokifunga kwenye kifungo cha shati lake. Kabureta ikiziba, aliitoa jeti, ile skrubu ndogo ya shaba yenye tundu linalopima petroli. Akailowesha, akaipuliza kwa mdomo, kisha akapitisha uzi wake polepole, kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.

"Shaba ni laini," alikuwa akisema. "Waya inakula tundu. Ukishalipanua, hulirudishi."

Asubuhi moja Mzee alikuwa ameenda mazishini Asembo Bay, na uzi ameenda nao kifuani. Akaja Ouma, mwendesha boda wa Ahero. Pikipiki yake ilikuwa inazimika kila akiachilia mafuta.

"Omera, ndugu yangu, fanya haraka," aliniambia. "Nimeacha mteja stendi, na yule mama akikasirika hata lami inaogopa."

Ningeweza kusema ngoja. Neno dogo tu. Lakini nilitaka aende kusimulia jinsi nilivyo mwepesi. Nikachomoa uzi mmoja wa chuma kwenye kebo kuukuu ya breki, nikauchomeka kwenye tundu la jeti ndogo, ile inayoilisha injini mafuta yakiachiliwa, nikausukuma mpaka ukapita. Nilipopuliza, ikapiga mluzi. Nikajiona fundi wa mafundi.

Pikipiki iliwaka mara moja. Lakini, mwanangu, niliisikia. Mlio ulikuwa mzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni, na moshi ulitoka na weusi kidogo. Nikazungusha skrubu ya hewa, nikaongeza ile inayopandisha mlio, mpaka uzito ukajificha.

"Iko sawa?" Ouma akauliza.

"Sawa kabisa! Hata Nairobi inafika."

Akacheka, akaondoka.

Injini ikiwa baridi hupenda petroli nyingi, ndiyo maana asubuhi ile iliimba. Ikipata moto, petroli hiyo hiyo inaizamisha. Ilimzimikia Ouma pale Ahero, akivuka barabara kuu, katikati kabisa. Lori lilifunga breki lakini halikusimama kwa wakati. Mguu wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili.

Wiki mbili baadaye ndugu yake aliileta pikipiki kwetu kwa pikapu. Watu wakajaa. "Hawa madereva wa malori ni wauaji!" mmoja akasema. Nami nikasema vivyo hivyo, tena kwa sauti. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mzee Okumu aliiegemeza pikipiki ukutani. Watu walipoondoka, alifungua kabureta, akaitoa jeti ndogo, akaielekeza juani. Akachukua nyingine mpya, akaishika kando yake, akaniita nitazame. Ile mpya ilionyesha nukta ya mwanga. Yangu ilikuwa dirisha.

"Nani alipitisha waya hapa?"

"Ni mimi, Jaduong'," nikamjibu mzee kwa heshima.

"Uliisikia kwamba haiko sawa?"

"Niliisikia."

"Ukamwambia nini mwenyewe?"

"Nilimwambia iko sawa."

Aliipangusa jeti ile kana kwamba bado inafaa. "Jeti nitabadilisha leo," akasema. "Hilo neno lako sina spana yake. Nenda Ahero."

"Lakini Jaduong', kila mtu anasema ni lori."

"Ndiyo maana uende. Akipona atapanda tena hii kitu akiamini mikono yako."

Nilimkuta Ouma nje ya nyumba yao, mguu umewekwa juu ya gunia la mchele, mama yake akipepeta kando. Nikasema yote, waya, moshi, skrubu. Ungo ukasimama.

"Kwa hivyo nimelaani yule dereva wa lori, mtoto wa watu, wiki mbili, na ni wewe," Ouma akasema. Kisha akageuza uso. "Toka. Sitaki kukuona leo."

Mama yake alinifuata hadi kwenye ua. Macho yalikuwa mekundu. "Umeniumiza, kijana," alisema. "Lakini amesema leo. Rudi Jumapili."

Nilirudi Jumapili ile, na nyingine nyingi. Nilichota maji, nilimshika mkono alipokuwa akijifunza kutembea. Siku alipotaniana nami tena juu ya pikipiki yangu ya ziwani, nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Anachechemea mpaka leo. Na pikipiki yake anaileta kwangu. Kila mara anauliza, "Iko sawa?" nami nachukua ufunguo kwanza. Sijibu mpaka niiendeshe hadi Kondele na kurudi, injini imepata moto, niisikilize tena.

Kwa hivyo mwanangu, nisikie. Kuharibu jeti ni kosa la mikono, na mikono hufunzwa. Usiseme iko sawa wakati umesikia haiko sawa. Kama chombo unachohitaji hakipo, sema ngoja, hata mteja akununie. Na ukikosea, nenda mwenyewe ukaseme, kabla mwingine hajalaumiwa.

Mzee Okumu sasa hayupo. Uzi wake ndio huu, chukua, ufunge kwenye kifungo chako. Mungu akupe sikio lisilodanganywa na mdomo usioogopa, na kila anayetoka hapa mlangoni petu awakute watu wake nyumbani wakimngoja, naye afike.