Pumzi ya Fundi Baiskeli

Fundi baiskeli wa sokoni Kasulu alikuwa kijana, na pombe ya gongo aliiacha mwaka ule tuliohamishiwa vijijini, lakini watu waliendelea kumwita Chupa. Naye aliitika. Ukimpelekea tairi, kabla ya salamu alikusogelea na kukupumulia usoni, haaa, unuse mwenyewe chai ya mchaichai. Ndipo aanze kubandika kiraka.

Siku moja mama yake alikuja kutoka Titye na kapu la maharage. Akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili. Kijana akafumba macho, akaachama, akampumulia.

“Funga mdomo, mwana wanje, mwanangu,” mama alisema. “Sikuja kukunusa. Nimekuja kukuona.”