Ndovu Wetu wa Magunia

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Voi, nasubiri mama wa mboga anipimie mbaazi. Mwenye duka la pili akageuza debe tupu, akaligonga chini kutoa vumbi. Nikajikuta nimeinama mbele ya watu, mikono kichwani. "Kwani umeona nini, wewe?" mama wa mboga akaniuliza. Mbele ya watu maneno hunikauka. Lakini wewe nitakusimulia, polepole.

Nilikuwa na miaka kumi, na nyanya yangu alikuwa mmoja wa kikundi cha maigizo ambacho hakikuwa hata na jina. Walikuwa watu saba. Aliyekianzisha ni mwalimu wetu wa shule ya msingi, na jirani yetu, fundi wa cherehani, ndiye aliyeshona mavazi. Walifanyia mazoezi kwenye stoo ya zamani karibu na reli. Treni ya mizigo ikipita walinyamaza wote, mikono ikiwa juu, midomo wazi, mpaka behewa la mwisho lipite, halafu wakaendelea palepale neno lilipokatikia. Nyanya alikuwa akija na sufuria ya kimanga, mihogo na maharagwe aliyoyaponda pamoja kwa mwiko, na hadi leo nikisikia harufu ya maharagwe yaliyoiva nasikia na treni.

Mchezo ulikuwa bure. Mtu alibeba kigoda chake kutoka nyumbani, akaketi. "Mchezo wa kulipia utaonwa na wenye nafasi," mwalimu alikuwa akisema. "Wetu ni wa mwenye shamba."

Tatizo ni kwamba mwenye shamba hakuwa akija. Waliokuja ni majirani walewale wa karibu na reli, wakicheka mahali palepale. Wanakikundi nao wakaanza kukosa mazoezi. Siku moja walifika watatu tu, na mwalimu akasema, "Tutaenda Kasigau, kwa wenye mashamba, mara moja tu. Wenyewe wa kule wakitukataa, tunafunga, kila mtu arudi kwa shughuli zake." Nyanya aliacha kupakua. Shuleni nilikuwa naambiwa kila siku, sema kwa sauti, sema kwa sauti. Ile stoo ndiyo mahali pekee nilipokaa nikasikiliza maneno mpaka nikayajua yote, bila mtu kunidai sauti.

Mchezo ulihusu majirani wawili wanaogombana nani alinde shamba, mpaka ndovu anaingia na kula la huyu na la yule. Fundi alishona ndovu wa magunia, akampaka udongo mwekundu, kwa sababu ndovu wetu wa huku ni wekundu kwa kujipaka vumbi. Masikio yalikuwa mikeka iliyochakaa, mkonga kipande cha bomba la maji. Asubuhi ya safari, mtu wa miguu ya nyuma akaugua malaria. Fundi akanitazama.

"Huyu mtoto aingie."

"Huyu? Hata shikamoo anaitoa kwa kunong'ona," nyanya akasema.

"Si anaogopa watu? Huku ndani hakuna watu. Ni mimi tu."

Tulipanda lori la mchanga, tukafika Kasigau meno yetu yamejaa vumbi. Watu walikuwa wengi, wameketi chini ya mlima na vigoda vyao. Mwalimu alikuwa na wazo aliloliona zuri sana, na sisi wote tukaliona zuri: ndovu asitokee mbele, atokee mashambani, nyuma ya watazamaji, ili awashtue. Tulikuwa watu wa mjini. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ndovu anayetokea kwenye mahindi maana yake ni nini kwa watu wa Kasigau.

Tulipita katikati ya mahindi, fundi mbele, mimi nyuma nimeshika mshipi wake. Mabua yalivunjika. Nikasikia mwanamke akipiga ukelele, halafu debe likigongwa, kama wanavyofukuzia ndovu. Halafu madebe kumi. Watoto walilia, vigoda vikaanguka, na mawe yakaanza kutua mgongoni mwetu.

"Jamani, mimi ni mtu!" fundi akapiga kelele. "Mimi ni mtu!"

"Uuuwi! Na anaongea!"

Jiwe moja lilimpata fundi begani, akaanguka, na ndovu akapasuka katikati. Nikabaki nimesimama kwenye jua, nusu ya ndovu, mbele ya kijiji kizima.

Wengine walianza kucheka. Lakini mama mmoja alikuja mpaka karibu yangu, debe bado mkononi. "Mnatuchezea? Mahindi yangu yameliwa juzi. Yote. Nyinyi mmetoka Voi kuja kunionyesha kilichonila?"

Mwalimu aliomba msamaha, akaanza kukusanya vitu. Nilijua hafungi mizigo tu, anafunga kikundi. Fundi alikuwa ameshika bega. Sijui nilipata wapi sauti. Nilimwambia yule mama, "Mama, sisi hatujui inavyokuwa. Tuonyeshe." Ilitoka ndogo, lakini alinisikia.

Akapita kati ya vigoda vilivyoanguka. Kisha akaketi chini penye jukwaa letu, akavuta leso mabegani. "Huwa nimekaa hivi," akasema. "Mume wangu yuko kule. Haya, rudi kwenye gunia lako, uje. Na usije mbio! Ndovu hana haraka, shamba ni lake."

Tulirudi ndani, fundi akiguna kwa maumivu, tukaja polepole. Yule mama aligonga debe na kutuita kwa majina ya matusi ambayo nyanya alikataa kunieleza. Akalia kidogo. Jirani yake akainuka mwenyewe, akaingia kumsaidia, wakagombana kwelikweli kuhusu nani alilala zamu ya nani. Mchezo wetu haukufika mwisho tuliouandika. Jioni mzee mmoja alimuuliza mwalimu, "Mnarudi lini?"

Hatukufunga. Tangu siku hiyo ni desturi yetu: mwenye shamba hachezwi na mtu wa kikundi, anatoka kwa watazamaji. Kule Mghange, milimani, walituonyesha ugomvi wa mifereji ya maji. Kule Bomeni walituonyesha mambo ya mpakani, na siku hizi wana kikundi chao, kama Kasigau.

Stoo ilibomolewa. Fundi alihamia Mombasa, nyanya tulimzika kwao milimani, na mwalimu siku hizi haoni vizuri, huja kusikiliza tu. Watu hawabebi tena vigoda, tunapanga viti vya plastiki, na nusu yao wanatutazama kupitia simu. Wapo wanaosema maigizo yamepitwa na wakati. Huenda.

Sasa anayesimama mbele na kuuliza nani atuonyeshe ni mimi. Sauti hutoka ndogo kila mara. Nauliza, nasubiri. Wakati mwingine kimya kinakuwa kirefu mpaka wenzangu wananikonyeza tuendelee. Siendelei. Nasubiri mpaka mtu ainuke.