Leo dalali kaniuliza leseni ya kukagua nyumba

Kiomboi nzima hainunuliwi nyumba kabla mimi sijaugonga ukuta wake.
Hata mainjinia wakiniona wanapunguza mwendo.

Leo mpwa wangu Neema kanipeleka kuona nyumba anayotaka kununua. Akiba yake yote ya kushona nguo inaishia hapo.

Nikagonga ukuta wa nyuma. Ukalia vibaya.
Rangi mbichi, chini yake ufa.
Nikasema, "Neema, usinunue."

Dalali akaja juu. "Mzee shikamoo, lakini leseni ya ukaguzi unayo?"
"Marahaba. Leseni ni hii ngumi."
"Bila leseni huo ni umbea tu."

Nikamwambia alaze wanawe chini ya ukuta ule msimu mmoja wa mvua, halafu mimi nitakwenda kusajiliwa.
Neema akafunga mkoba wake, tukaondoka.

Wenye leseni waje, nipo.
Nyie semeni, nimekosea wapi?

Ila njiani Neema kaniuliza ufa ule nimeujuaje chini ya rangi.
Haya, niseme tu.
Jikoni kwangu upo kama ule, nami niliupaka rangi. Sasa ukuta umeshikiliwa na nguzo ya mti.
Mkija kunitembelea Jumapili, msiuegemee.